Usipoziba Ufa, Utajenga Ghorofa

Mhariri wa jarida letu aliponiomba niandike maoni yangu juu ya jambo linalonikera, sikukuna kichwa hata kidogo. Jambo linalonikera naliona kila siku nikifumbua macho asubuhi, kwa sababu liko ukutani, juu ya kitanda changu. Ni ufa.

Ufa huo ulianza nikiwa darasa la sita, baada ya mvua za masika. Wakati huo ulikuwa mwembamba kama unywele, nami nilikuwa nikitia alama kwa penseli kila ulipofika, nione unakwenda wapi. Sasa niko kidato cha tatu na vidole vyangu viwili vinaingia bila taabu. Mvua ikinyesha usiku, nyanya huniamsha nihamie chumbani kwake. Muhula uliopita nilidurusu Biolojia nzima nikiwa nimekaa chini kando ya kitanda chake.

Wahenga walinena, usipoziba ufa utajenga ukuta. Mimi ni nani hata niwakosoe wahenga? Lakini kwetu Mji wa Kale, hapa Mombasa, methali hiyo imebadilika. Kwetu usipoziba ufa, ukuta hujengi wewe. Anakuja mtu mwingine mwenye pesa zake, anauangusha ukuta wenyewe, na mahali pake anajenga ghorofa. Hayo ndiyo ninayotaka kuyazungumza leo. Naomba mnisikilize hadi mwisho, kisha mnipinge mkitaka.

Wengi wenu mnatoka Likoni, Changamwe, Kisauni na Mikindani, na Mji wa Kale mnaujua kwa kupita tu, mkienda Fort Jesus na darasa la historia au mkinunua leso Biashara Street. Kwa hivyo acheni niwatembeze kidogo. Fort Jesus ilianza kujengwa na Wareno mwaka wa 1593, kwa ramani ya Mtaliano aliyeitwa Giovanni Battista Cairati. Mwaka wa 1696 Waarabu wa Omani waliizingira, na hawakuitwaa hadi Disemba 1698. Waingereza nao waliigeuza jela, kuanzia 1895 hadi 1958. Leo ni makumbusho, na mwaka wa 2011 UNESCO iliiandika katika orodha ya turathi za dunia. Hayo yote mnayajua, mmeshaulizwa kwenye mtihani.

Sasa ukitoka langoni pa Fort Jesus ukashika Ndia Kuu, hapo ndipo kwetu. Hata jina la barabara ni somo la Kiswahili, kwani ndia ndiyo njia kwa Kimvita. Kushoto na kulia utaona nyumba za mawe zenye roshani za mbao, milango ya nakshi, na baraza ambapo wazee hukaa baada ya sala ya alasiri wakizungumza siasa na mpira. Nyingi ni za karne ya kumi na tisa. Waswahili, Waarabu na Wahindi, kila mmoja ametia mkono wake. Upo Msikiti wa Mandhry, ambao unasemekana ulijengwa mwaka wa 1570, na hadi leo watu wanasali ndani yake. Lakini angalieni jambo moja. Kilichoandikwa katika ile orodha ya dunia ni ngome, si nyumba zetu. Usiku ngome hufungwa kwa kufuli. Nyumba ambazo watu wanalala, wanapika na kuzaliana ndani yake, hizo haziko katika orodha.

Kwa kusema haki, si kwamba tumesahauliwa kabisa. Tangu miaka ya 1990 Mji wa Kale ni eneo linalohifadhiwa. Ipo Sheria ya Makumbusho na Turathi za Kitaifa ya mwaka wa 2006. Katiba ya mwaka wa 2010, katika kifungu cha 11, inautambua utamaduni kuwa ndio msingi wa taifa. Mwenye nyumba hawezi kuamka tu akabomoa, au akabadilisha sura ya nyumba apendavyo, bila kupata kibali. Sheria hizo ni nzuri na ninaziunga mkono kwa mikono miwili. Lalamiko langu ni moja tu: mwenye nyumba anaambiwa asifanye nini, lakini hasaidiwi kufanya lile linalotakikana. Amekatazwa kubomoa, sawa. Je, ufa ataziba kwa nini?

Hebu niwaeleze jinsi nyumba inavyoweza kuuawa bila sheria hata moja kuvunjwa. Nyumba ya tatu kutoka kwetu mwenyewe alikuwa haishi humo, alikuwa ameipangisha. Siku moja upepo wa kusi ulipeperusha mabati ya upande mmoja. Hakuyarudisha. Wapangaji wakalalamika, kisha wakachoka, wakahama mmoja mmoja. Maji ya mvua yakawa yanaingia ukutani kutoka juu, na ukuta wa mawe na chokaa ukianza kulowa kutoka juu, hauna siku nyingi. Boriti nazo zikaoza vichwa pale zilipoingia ukutani. Baada ya masika matatu ukuta wa nyuma ukaporomoka saa nane za usiku. Alhamdulillahi hakuna aliyeumia. Ndipo nyumba ikatangazwa kuwa ya hatari, na nyumba ya hatari ni lazima iangushwe, maana ni nani atakayetaka watoto wafe? Ikaangushwa. Leo pale pana ghorofa tano. Mlango wake wa nakshi, ambao tulikuwa tukicheza mbele yake tukiwa wadogo, nasikia uliuzwa, na sijui kwa nani.

Kwa hivyo msidhani kwamba nyumba za kale huuawa na nyundo. Nyundo huja mwisho. Kinachoua ni bati moja lisilorudishwa, mfereji wa paa ulioziba, na ufa uliochekewa.

Najua mtauliza, basi nyinyi mbona hamkuziba wenu? Tuliuziba, na hapo ndipo kuna kisa.

Nyumba zetu zimejengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa. Kuta ni nene, karibu nusu mita, ndiyo maana ndani mna baridi hata Februari, mwezi ambao darasani kwetu tunajipepea kwa madaftari. Dari inashikwa na boriti za mikoko, na kwa kuwa boriti hizo si ndefu, vyumba vyetu ni virefu lakini vyembamba. Ami yangu, yaani ndugu yake baba, alipoona ufa umeanza kutisha alileta fundi. Fundi mwenyewe alikuwa hodari, lakini kazi aliyoizoea ni ya matofali ya saruji. Akaupiga ukuta plasta ya saruji nzito, akaupaka na rangi ya mafuta. Loo! Tukafurahi. Chumba kiking'aa kama ukumbi wa harusi.

Mwaka uliofuata rangi ikaanza kufura kama andazi. Kisha chumvi ikatoka ukutani, nyeupe kama unga wa ngano. Mwaka wa pili yake plasta ikaanguka kipande kizima, tena ikang'oka pamoja na mawe yaliyoshikana nayo. Ufa ukawa mpana kuliko ulivyokuwa mwanzo. Pesa alizotumia Ami zilikuwa za karo ya binamu yangu, ambaye muhula huo alikaa nyumbani wiki tano.

Ndipo nyanya akatuma mtu amwite fundi mmoja mzee wa mtaani, ambaye siku hizi hapandi tena ngazi. Alikuja na mkongojo wake, akaugonga ukuta kwa vidole kama daktari anavyogonga kifua, akatingisha kichwa. Akaniambia, "Mwanangu, saruji na tumbawe havipatani. Saruji ngumu, tumbawe laini. Ukivifunga pamoja, laini ndilo huumia." Akanieleza kwamba ukuta wa chokaa hupumua. Mvua ikinyesha hunywa maji, jua likiwaka huyatoa. Ukiuziba kwa saruji na rangi ya mafuta, maji yaliyoingia kutoka paani au yaliyopanda kutoka ardhini hayana pa kutokea, basi hukaa mumo humo yakiula ukuta. Akasema ufa ule, lau ungeshughulikiwa nikiwa darasa la sita, ulikuwa ni kazi ya wiki moja: kuukwangua, kuuosha, kuujaza vijiwe, na kuupiga chokaa na mchanga safi usio na chumvi. Chokaa haina haraka, alisema, ndiyo maana vijana hawaipendi.

Nilimuuliza ni nani anayemfundisha kazi hiyo. Akacheka. Alisema ana wana wawili, mmoja anaendesha tuktuk na mwingine yuko Doha.

Wasomaji wapendwa, hayo maneno yalinikosesha usingizi kuliko ufa wenyewe. Niliona kwamba tunapoteza vitu viwili kwa pamoja. Tunapoteza nyumba, na tunapoteza watu wanaojua kuitengeneza nyumba. Hata serikali ikileta magunia ya pesa kesho, kama mikono inayojua chokaa imekwisha, pesa hizo zitanunua saruji, na saruji itatumaliza.

Sasa nije kwa wapinzani wangu, kwani najua mpo. Rafiki yangu ninayekaa naye dawati moja alisoma karatasi hii kabla sijaipeleka kwa mhariri. Akaniambia, "We nawe! Watu hawana pa kulala, wewe unalilia mawe?" Hoja hii ni nzito na sitaki kuikwepa. Mombasa ni kisiwa, watu ni wengi na nafasi ni haba. Mimi sisemi mji usijengwe. Reli mpya ilianza kubeba abiria mwaka wa 2017 na nimeipanda nikafurahi. Ghorofa ninazitaka, na pengine siku moja nitakaa ndani ya moja. Lakini Mji wa Kale ni kipande kidogo cha kisiwa, na kisiwa chenyewe ni kipande kidogo cha kaunti. Je, ni lazima ghorofa zianzie pale pale?

Tena nimwombe rafiki yangu afanye hesabu, yeye ambaye hisabati anaiweza. Katika ile nyumba iliyoangushwa walikuwa wakikaa jamaa nne, wakilipa kodi wanayoimudu. Ghorofa ilipokamilika hakurudi hata mmoja wao, kwa sababu kodi mpya hawaiwezi. Wawili najua walihamia Kisauni, na watoto wao sasa wanapanda matatu mbili kuja shuleni. Basi nani aliyepata pa kulala? Walipata wenye uwezo, ambao hata hapo awali hawakuwa wakilala nje.

Wengine husema, "Hayo ni mambo ya Waarabu na Wareno, sisi yatuhusu nini?" Nimeyasikia haya hapa hapa shuleni, tena kwa sauti. Jibu langu ni kwamba Mreno ameondoka na Sultani ameondoka, lakini mawe ni ya pwani hii, boriti ni mikoko ya pwani hii, na lugha iliyozungumzwa ndani ya kuta hizo ndiyo hii tunayofanyia mtihani kutoka Mombasa hadi Turkana. Pia si kweli kwamba tunahifadhi kwa kuwa kila kilichotendeka kilikuwa kizuri. Ngome ilikuwa jela. Watumwa walipitishwa katika bandari za pwani hii. Mtu haangushi nyumba ya shahidi kwa sababu ushahidi wake ni mchungu.

Na sisi wa Chama cha Kiswahili tuna sababu zaidi. Mwaka jana mwalimu alitupa msamiati wa sehemu za nyumba: mwimo, kizingiti, mfaa, kidaka, roshani, boriti. Darasa zima likakariri kama kasuku. Nikanyoosha mkono nikasema mfaa naushika kila siku nikifunga mlango. Ni ule ubao wa katikati uliosimama, ambao umeshikana na ubawa mmoja wa mlango na kuuziba mwanya bawa zote mbili zinapokutana. Wenzangu wakadhani naongopa! Jumamosi ikabidi niwalete watano nyumbani. Waliupapasa ule mfaa, wakavichungulia vidaka ukutani ambamo nyanya huweka tasbihi, taa ya zamani na risiti za stima, na tangu siku hiyo hakuna hata mmoja aliyesahau maneno hayo. Nauliza, nyumba hizi zikiisha, tutawapeleka wapi wadogo zetu waupapase mfaa? Tutawafungulia kamusi?

Kama mnadhani natia chumvi, tazameni majirani. Mji Mkongwe wa Unguja uliandikwa katika turathi za dunia mwaka wa 2000. Humo mna Beit al-Ajaib, jumba alilolijenga Sultani Barghash mwaka wa 1883. Tarehe 25 Disemba 2020, likiwa katika ukarabati, sehemu yake iliporomoka na watu wawili wakafa. Ikiwa jumba la sultani, ambalo dunia nzima inalijua, lilifikia hapo, je, chumba changu ambacho hakijulikani na yeyote isipokuwa nyinyi mnaosoma?

Isitoshe, jina la UNESCO si hirizi. Mji wa Liverpool huko Uingereza uliandikwa katika orodha hiyo mwaka wa 2004, na mwaka wa 2021 ukafutwa, kwa sababu ya majengo mapya yaliyoruhusiwa bandarini. Uingereza ni nchi tajiri, na bado yalimpata. Basi sisi tusibweteke.

Na Lamu? Mji wa Kale wa Lamu uliandikwa mwaka wa 2001, na unastahili. Lakini huko pia nina neno. Nyumba kadhaa zimetengenezwa vizuri sana, kwa chokaa na nakshi zake zote, ila zimenunuliwa na wageni kutoka ng'ambo ambao huja wiki chache kwa mwaka. Siwachukii, maana bila wao nyingine zingekwisha anguka. Lakini nyumba ikipona na mwenyewe akahama, tumehifadhi nini? Mimi nataka kwetu nyumba zipone na nyanya zetu wakiwa ndani.

Kulaumu ni rahisi, kwa hivyo natoa mapendekezo yangu, ingawa mimi ni mwanafunzi tu na sina hata kitambulisho cha kupigia kura.

Kwanza, mwenye nyumba anayeitengeneza jinsi inavyotakikana apunguziwe ada ya ardhi anayoilipa kaunti kila mwaka. Aidha kuwe na mfuko wa mikopo midogo ya kuziba nyufa na kurudisha mabati, tena mikopo isiyo na riba, kwani wenye nyumba wengi wa Mji wa Kale ni Waislamu na riba hawaigusi. Pesa zitoke wapi? Mgeni anayelipa kiingilio Fort Jesus hushuka Ndia Kuu bila malipo kupiga picha roshani zetu. Sehemu ndogo ya kiingilio hicho ikiwekwa katika mfuko huo, haba na haba itajaza kibaba.

Pili, vyuo vya ufundi vya hapa Pwani vifundishe kazi ya chokaa kama vinavyofundisha umeme na ushonaji. Wale mafundi wazee waitwe walimu, walipwe, wakae kwenye kiti waelekeze. Kijana akijua kwamba kazi hiyo ina mshahara, hatakimbilia Doha. Na tusiseme chokaa ni kazi ya zamani. Fundi anayejua kutibu ukuta wa karne mbili ana kazi Mombasa, Lamu, Malindi na Unguja.

Tatu, ofisi zishikane mikono. Kwa mujibu wa Katiba, majengo ya kihistoria yenye umuhimu wa kitaifa ni kazi ya serikali kuu, nayo mipango ya ujenzi ni kazi ya kaunti. Mwenye nyumba asiwe mpira wa kurushwa baina ya wawili hao. Awe na meza moja tu ya kwendea, na pale mezani apewe kibali pamoja na ushauri, aambiwe kabla hajanunua saruji kwamba ananunua sumu. Lau Ami angepata mtu wa kumwambia hivyo siku moja kabla, binamu yangu asingekaa nyumbani wiki tano.

Nne, nyumba zitazamwe kila mwaka kabla ya masika, paa na mifereji, na nyumba iliyoachwa wazi makusudi mwenyewe aulizwe mapema, si baada ya ukuta kuanguka.

La tano linatuhusu sisi wenyewe. Mali bila daftari hupotea bila habari. Napendekeza Chama cha Kiswahili kianze Daftari la Nyumba. Kila Jumamosi moja kwa mwezi, watu sita na mwalimu mmoja, tupige hodi, tuombe ruhusa kwa adabu, tuandike: nyumba hii iko wapi, mlango wake uko vipi, ufa wake umefika wapi, na wazee wa humo wanaviitaje vitu vyake. Picha zitapigwa kwa simu ya mwalimu, maana sisi simu tumekatazwa na sitaki kumtia mtu matatani. Wanaotoka Changamwe na Likoni nao waje, kwani huko pia kuna vitu vya kale, na mgeni huona ambayo mwenyeji ameyazoea. Kazi hii haihitaji bajeti. Inataka daftari, penseli na miguu.

Sasa namalizia pale nilipoanzia. Warithi wa nyumba yetu ni saba, nyanya pamoja na wanawe sita. Kuna mtu ametoa bei. Ami anataka iuzwe na simlaumu, kwani alijaribu kuitengeneza ikamla, na bado ana watoto watatu wa kusomesha. Shangazi hataki hata kusikia. Baba yangu yuko katikati, akija upande huu anakubali, akienda upande ule anakubali. Nyanya akiulizwa husema, "Mimi ni mgeni wenu tu," kisha anaendelea kukata mboga. Kikao kimeahirishwa mara mbili na sasa kimewekwa baada ya Idd.

Fundi mzee alirudi wiki iliyopita. Anasema bado inawezekana, lakini si kazi ya wiki moja tena. Paa kwanza, halafu boriti nne, kuitoa saruji yote, ndipo ukuta. Ameahidi kusimamia akiwa amekaa kwenye kiti, mradi apewe vijana wawili wa kumsikiliza. Kijana mmoja amepatikana, ni yule mwanawe wa tuktuk, siku za Jumapili. Wa pili nimejitolea mimi wakati wa likizo, na mama amekubali kwa sharti kwamba hisabati ipande.

Kwetu mtoto hasemi katika kikao cha warithi. Lakini nilimwomba Ami, naye baada ya kunitazama sana alisema nikiandika kitu cha maana nitaruhusiwa kukisoma. Basi ndicho hiki. Nyinyi mmekisoma kwanza, wao watakisikia baada ya Idd.

Jana usiku nilitia alama nyingine ya penseli. Tangu mwezi uliopita ufa umesogea upana wa kidole kimoja.